Safu ya Ushauri: "Nusu heka" ya hatua 35 kwa 35 ni ukubwa gani?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi na mume wangu tunaishi Mbagala katika nyumba ya kupanga, na baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu tumeamua kutafuta mahali petu wenyewe. Tumeonyeshwa maeneo mawili nje kidogo ya Vikindu, wilayani Mkuranga, lakini kila moja linatajwa kwa kipimo chake na tumeshindwa kuyalinganisha.

La kwanza ni sehemu ya shamba la mikorosho la mzee mmoja mwenyeji wa pale. Dalali alituambia kuwa ni "nusu heka" kwa shilingi milioni 14. Tulipomuuliza nusu heka ni kiasi gani, alijibu kwamba heka moja ni hatua 70 kwa 70, kwa hiyo nusu yake ni hatua 35 kwa 35. Mzee mwenyewe alizihesabu hatua hizo mbele yetu, akianzia katikati ya njia inayopita mbele ya shamba, kisha akachomeka vijiti kwenye kona nne. Siku iliyofuata mume wangu, ambaye ni fundi umeme na hapendi kitu kisichopimwa, alirudi na tepu ya mita 50 akapima kutoka kijiti hadi kijiti. Alipata mita 26 upande wa mbele, 28 upande wa kulia, 24 nyuma na 30 upande wa kushoto. Alipima pia kutoka kona ya mbele kushoto hadi kona ya nyuma kulia, akapata mita 34.

La pili ni kiwanja kinachouzwa na kampuni, nacho tumeambiwa kimepimwa. Kina mita za mraba 480 na kila mita ya mraba inauzwa shilingi 18,000. Kwa macho tunakiona kidogo sana. Shemeji yangu anayeishi Mombasa ametukatisha tamaa zaidi, kwani anasema kwao mtu wa kawaida hununua "hamsini kwa mia", ambayo ukizidisha unapata 5,000, sasa sisi 480 tutajenga nini?

Mume wangu anavutiwa na kiwanja kilichopimwa, mimi navutiwa na nusu heka kwa sababu naona tutapata ardhi kubwa kwa fedha si nyingi. Dalali anatuhimiza tutoe advansi ya shilingi laki tano wiki hii, na anasema kwamba kupeleka mpimaji ni kumvunjia mzee heshima. Tunaomba utufafanulie vipimo hivi na utushauri.

Mnunuzi mwenye mashaka, Mbagala

JIBU

Dada yangu,

Nianze na hesabu ya dalali, kwa maana ndiyo itakayowagharimu fedha nyingi kuliko jambo jingine lolote katika barua yako. Ukiigawa heka ya hatua 70 kwa 70 kwa kupunguza nusu ya kila upande, hupati nusu heka, unapata robo. Sabini mara sabini ni 4,900, na thelathini na tano mara thelathini na tano ni 1,225, ambayo inaingia mara nne kamili katika ile 4,900. Nusu heka kwa hatua ni 35 kwa 70, yaani upande mmoja tu ndio unaokatwa. Siwezi kusema kama dalali wenu amekosea au amefanya makusudi, lakini hesabu ya namna hii husikika mara nyingi katika mauzo ya mashamba, na kila inaposikika anayepunjwa ni mnunuzi.

Sasa hatua yenyewe. Kinachoitwa heka mitaani ni ekari, ambayo kwa kipimo rasmi ni mita za mraba 4,047 hivi. Msiichanganye na hekta, ambayo ni mita za mraba 10,000, karibu ekari mbili na nusu, na ambayo ndiyo mtakayoikuta kwenye nyaraka nyingi za serikali. Hatua 70 kwa 70 inakaribiana sana na ekari endapo kila hatua itakuwa na urefu wa yadi moja, yaani sentimita 91. Kwa hatua za namna hiyo, ekari ina ukubwa wa mita 64 kwa 64, nusu ekari ni mita 32 kwa 64, na robo ni mita 32 kwa 32. Ni namba rahisi kukumbuka, na ningependa kila anayekwenda kuonyeshwa shamba aende nazo kichwani.

Tatizo ni kwamba binadamu hatembei kwa yadi. Mtu mzima anayetembea kwa mwendo wake wa kawaida hupiga hatua ya sentimita 75 hivi, na akiwa ni mzee anayepita kwenye nyasi na mizizi ya mikorosho, hatua hiyo hubadilika kila mara. Vipimo vya mume wako vinaonyesha hivyo waziwazi: hatua 35 zimetoa mita 24 upande mmoja na mita 30 upande mwingine. Sidhani kwamba mzee alikusudia kuwadhulumu, maana huenda nyuma palikuwa na kichaka na kushoto palikuwa peupe. Hata hivyo, mtu akipiga hatua za sentimita 75, "ekari" yake ya hatua 70 kwa 70 itakuwa na mita za mraba 2,756 tu, na karibu theluthi ya ekari itakuwa imepotelea miguuni.

Mume wako alifanya jambo la maana sana kupima kutoka kona hadi kona, ingawa huenda yeye mwenyewe hakujua uzito wake. Wengi hupima pande nne, wakachukua wastani wa mbele na nyuma, wastani wa kulia na kushoto, kisha wakazidisha. Kwa eneo lenu hesabu hiyo inatoa 25 mara 29, yaani mita za mraba 725. Jibu hilo limezidi ukweli, kwa sababu pande nne peke yake hazitoshi kujua ukubwa wa eneo. Chukueni eneo ambalo kila upande una mita 20. Kona zake zikiwa za mraba, ukubwa ni mita 400. Kona hizohizo zikisukumwa eneo likalala ubavu hadi ulalo wake mfupi, yaani umbali wa kona kwa kona, uwe nao ni mita 20, pande zote bado zitasoma 20 lakini ukubwa utakuwa umeshuka hadi mita 346. Muuzaji atavuta tepu mbele yenu kila upande, nanyi mtaridhika, huku mita 54 za mraba hazipo.

Ndiyo maana ulalo ni wa lazima. Unaligawa eneo katika pembetatu mbili, na pembetatu ikishajulikana pande zake tatu ukubwa wake haubishaniwi. Jumlisheni pande tatu, mgawanye kwa mbili. Kutoka kwenye jibu hilo toeni kila upande kwa zamu ili mpate namba tatu. Zidisheni namba hizo tatu pamoja na ile nusu ya jumla, kisha mtafute kipeuo cha pili, ambacho simu nyingi zina kitufe chake. Pembetatu yenu ya kwanza ina pande 26, 28 na 34. Nusu ya jumla ni 44, namba tatu ni 18, 16 na 10, na ukubwa unakuwa mita za mraba 356. Ya pili ina pande 34, 24 na 30. Nusu ya jumla ni 44 tena, na ukubwa ni mita 351. Jumla ni mita za mraba 707.

Kabla ya kuiamini namba hiyo, mume wako arudi apime ulalo wa pili, kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto. Kama vipimo vyake vya kwanza ni sahihi, atakuta mita 42 hivi. Akikuta 36 au 48, basi kuna upande uliosomwa vibaya au kijiti kilichohama, na kazi ianze upya. Tepu ivutwe ikaze, isipite juu ya kichuguu wala kuzunguka mti, na penye mteremko ishikwe usawa badala ya kulazwa chini, kwa kuwa ramani za upimaji huhesabu umbali wa usawa na si urefu wa kupanda na kushuka.

Mita 707 ni nini basi? Nusu ekari kamili ni mita 2,023 na robo ni mita 1,012. Mnachouziwa kwa jina la nusu heka hakifiki hata robo. Ni kama asilimia 35 ya kile mlichoahidiwa. Tena mzee alianzia katikati ya njia. Mkisogea mita 2 tu kuacha njia hiyo ipitike, upande wa mbele wenye mita 26 unapoteza mita za mraba zipatazo 52, na mnabaki na 655 hivi. Siku eneo hilo litakapopangwa na kupimwa, kuna uwezekano mkubwa njia hiyo ikahitaji upana zaidi, na upana huo utatoka kwenu na kwa jirani wa ng'ambo. Barabara kuu ni habari nyingine kabisa: hifadhi ya barabara kuu na za mikoa chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa hiyo mtu anayenunua jirani na Barabara ya Kilwa apime umbali huo kwanza kabla ya kupima kiwanja chenyewe.

Hebu sasa tuyaweke maeneo mawili kwenye kipimo kimoja, ambacho ni bei ya mita moja ya mraba. Kama kweli mngepewa nusu ekari, milioni 14 ingekuwa kama shilingi 6,920 kwa mita, na ningeelewa kwa nini umevutiwa. Kwa mita 707, ni karibu shilingi 19,800. Kiwanja cha kampuni ni shilingi 18,000, jumla yake milioni 8 na laki 640. Kwa maneno mengine, ardhi uliyoiona rahisi ndiyo ghali, na haijapimwa, ambapo gharama za kupanga, kupima na kufuatilia hati zitawaangukia ninyi. Hata muuzaji asipodanganya neno, ukubwa usiojulikana huficha bei.

Kuhusu shemeji yako, salamu zake zipokewe, lakini amelinganisha futi na mita. "Hamsini kwa mia" ya Kenya ni futi. Ni kweli ukizidisha unapata 5,000, ila hizo ni futi za mraba, na kila mita ya mraba moja ina futi za mraba 10 na robo tatu hivi. Futi 50 ni mita 15.24 na futi 100 ni mita 30.48, kwa hiyo kiwanja chake ni mita za mraba 465 takriban. Chenu cha 480 ni kikubwa kidogo kuliko hicho anachokisifia. Mkumbushe pia kwamba huko kwao kiwanja hicho mara nyingi hutangazwa kuwa ni moja ya nane ya ekari, ilhali moja ya nane halisi ni futi za mraba 5,445, sawa na mita 506. Naye aangalie hati yake imeandika hekta ngapi kabla ya kutucheka.

Umeuliza mita 480 mtajenga nini. Inategemea umbo zaidi ya ukubwa. Mita 16 kwa 30 ni kiwanja kizuri, lakini mita 10 kwa 48 nacho ni 480, na nyumba yake itakuwa kama korido. Mkiwa na 16 kwa 30, tuseme mnaacha mita 3 mbele na nyuma na mita 2 kila ubavu. Mnabaki na mita 12 kwa 24, yaani 288 za kujengea, zinazotosha nyumba ya vyumba vitatu na mahali pa shimo la maji machafu. Umbali halisi wa kuacha mtauuliza ofisi ya mipango miji ya halmashauri kabla ya kuchora ramani ya nyumba, kwa sababu hutegemea matumizi ya kiwanja na barabara iliyo mbele yake.

Hata hivyo, sikubaliani na mume wako kwamba neno "kimepimwa" linatosha. Kuna kampuni zinazouza viwanja vilivyochorwa tu kwenye mchoro wa mipango miji, ambao ni mpango wa karatasi, na upimaji wenyewe haujakamilika au haujaidhinishwa. Ukubwa unaosoma kwenye mchoro unaweza kubadilika wakati mpimaji anapoweka mawe. Ombeni kuona ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, ambayo itaonyesha namba ya kiwanja, namba ya kila bikoni (jiwe la mpaka), urefu wa kila upande na ukubwa wa jumla. Kisha nendeni uwanjani na ramani hiyo mkononi, mtafute bikoni moja baada ya nyingine, msome namba zilizoandikwa juu yake na kupima umbali kati yake kwa tepu ileile ya mume wako. Bikoni isiyoonekana, au iliyoegama kama mtu aliyesukumwa, ni sababu ya kutosha ya kusimamisha malipo hadi mpimaji airudishe mahali pake. Ramani ikishakubaliana na ardhi, ombeni upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ili mjue kiwanja kimeandikishwa kwa jina la nani na kama kina mkopo au zuio.

Najua mtapenda kutumia simu. Programu za ramani zinasaidia kuona mahali palipo, lakini simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, na katika eneo lenye upande wa mita 26 kosa hilo ni kubwa mno. Lipo pia jambo linalowatia watu hofu bila sababu: ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilitumia mfumo wa viwianishi (namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo) uitwao Arc 1960, wakati simu hutumia WGS 84, na tofauti ya mifumo hiyo miwili hapa kwetu ni karibu mita 300. Mtu akiingiza namba za ramani ya zamani kwenye simu bila kuzibadilisha, kiwanja chake huonekana kwenye shamba la mtu mwingine, naye akaanza kuita polisi. Kazi hiyo mwachieni mpima ardhi aliyesajiliwa.

Sasa suala la heshima ya mzee, ambalo naona ndilo linalokusumbua zaidi. Dalali analipwa mauzo yakikamilika, kwa hiyo usichukue maneno yake kuwa ndiyo maneno ya mzee. Nendeni ninyi wenyewe, mkae naye, mumwombe akubali kushika ncha ya tepu akiwa pamoja na majirani wote wanaopakana na eneo hilo. Mwambieni kwamba mnataka mpaka uwe wazi ili watoto wake na watoto wenu wasije wakagombana. Mzee anayeijua ardhi yake hafedheheki kwa jambo hilo, kwa sababu naye anapata ulinzi. Mnunuzi akija miaka mitano baadaye kudai kwamba aliuziwa nusu heka, ni mzee au warithi wake watakaoitwa kwenye baraza.

Baada ya kupima pamoja, mwonyesheni hesabu kwa upole. Kama bei aliyoikusudia ni milioni 14 kwa nusu ekari ya kweli, basi ana njia mbili: asogeze mpaka hadi eneo lifike mita za mraba 2,023, maana mmesema ni sehemu tu ya shamba, au auze mita 707 kwa kiwango kilekile, ambacho kinafika milioni 4 na laki 9 hivi. Kama alikusudia milioni 14 kwa kipande hichohicho, liitwe jina lolote, basi ni haki yake kuitaja bei hiyo, nanyi ni haki yenu kuiacha. Mimi nisingeinunua kwa bei hiyo.

Mkiafikiana, mkataba usiandike "nusu heka" wala "hatua". Uandike urefu wa kila upande kwa mita, milalo yote miwili, ukubwa kwa mita za mraba, njia iliyoachwa na upana wake, na majina ya majirani wa kila upande wakiwa wametia saini, pamoja na mchoro ulioambatishwa. Kama ardhi hiyo iko chini ya kijiji, utaratibu wake unasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, na halmashauri ya kijiji lazima ihusishwe kabla ya fedha kutolewa. Barua ya mtu mmoja mwenye muhuri haitoshi. Ulizeni pia kama shamba ni la mzee peke yake au ni la urithi lenye ndugu wengine.

Ile laki tano msiitoe wiki hii. Dalali akisema kuna mteja mwingine yuko njiani, mwambieni ampeleke, na ampeleke na tepu.

Mshauri